Safu ya Miaka Saba

Siku ya kumi na tisa baada ya kimbunga
tulikutana katika darasa la pili,
kwa kuwa ndilo lililobakiwa na kuta tatu.
Paa lake tuliliona shambani kwa Crisanto,
limejikunja kama barua isiyotaka kusomwa.

Mtu wa mkoa alikuja na karatasi pana,
akaipigilia ukutani kwa misumari miwili.
Wa tatu tulimwomba atuachie.
Nikapewa kalamu, maana hati yangu husomeka.
Safu ya kwanza: Siku Thelathini.
Ya pili: Miezi Sita.
Ya tatu: Mwaka.
"Semeni," akasema. "Kipi kianze?"

Mtu akakohoa.
Kisha vinywa vyote pamoja:
mabati, kisima, mbegu za viazi,
choo cha wanawake, chenye komeo kwa ndani,
barabara, dawa ya Nanay Sabina, mabati tena.
Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi
na safu ya kwanza ikafurika kama mto,
ya pili na ya tatu zikabaki nyeupe,
kama kwamba tungekufa baada ya mwezi.

Mtu wa mkoa akasoma agizo:
asijenge mtu ndani ya mita arubaini kutoka baharini.
Eufronio akasimama, mguu wake ungali na bandeji.
"Kutoka bahari ipi, bwana?
Ya maji kupwa, ya maji kujaa,
au ile iliyoingia jikoni kwangu?"
Tulicheka. Nadhani kilikuwa kicheko cha kwanza
tangu tuzike.
Agizo sikuliandika. Niliweka alama ya kuuliza.

Ndipo Teofila, ambaye mikono yake
imebanika mbata tangu utoto:
"Minazi elfu tatu imelala chali.
Gogo likioza, chonga hutaga humo,
na chonga akishamaliza maiti
huwageukia walio hai.
Misumeno. Andika, mwanangu. Siku Thelathini.
Magogo yapasuliwe mbao kabla hayajalainika,
mbao ziwe nyumba, tusingoje meli."
Nikaandika.
"Sasa mche. Nikiupanda leo
mihogo itanilisha, na viazi, na magimbi,
lakini nazi ya kukausha ni mwaka wa saba.
Safu ya miaka saba iko wapi?"

"Karatasi imeisha, mama," mtu wa mkoa akasema.
Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu,
na hiki kilikuwa kijiji chake cha nne tangu asubuhi.

"Ukuta haujaisha," Teofila akasema.

Nikaokota kaa jikoni pa shule
nikaandika juu ya chokaa: MIAKA SABA.
Chini yake nikaanza kugawa miche, kaya kwa kaya.
Kaya ya sitini ilikwenda upesi.
Ya sitini na moja, kalamu ikasita.
Ilikuwa ya watu sita. Sasa ni Isko peke yake,
miaka kumi na mmoja, ameketi dirishani
akichonga kijiti kwa kipande cha bati.
Mtu mmoja akanong'ona, "Huyo apelekwe kwa shangazi yake."
Mwingine, "Kaya ni watu wangapi?"
Karatasi ya mkoa haikuwa na jibu.
Isko hakuinua kichwa.
"Sisi," akasema, "tunataka miche sita."

Sisi.
Niliandika sita.

Ukuta ule ulibomolewa mwezi wa pili.
Tulikuwa tumelipanga wenyewe, Siku Thelathini,
kuta zilizolegea ziangushwe,
tukachelewa, msumeno ulikuwa mmoja kwa vijiji vinne.
Tofali lenye neno SABA
Isko alilibeba begani hadi kiwanjani kwao,
bila hotuba, kwa sababu nguruwe wa Crisanto
walikuwa wanafukua.
Linawazuia kidogo.
Miche mitatu imeshika.